Hidrojeni safi: mtafute mnunuzi kabla ya mkopeshaji

SWALI: "Nafanya kazi idara ya mipango katika wizara inayosimamia nishati. Kampuni kutoka nje imetuletea rasimu ya hati ya makubaliano. Wanataka hekta 6,000 pwani kwa miaka 5, bila kampuni nyingine kuruhusiwa kuingia, ili wapime jua na upepo na baadaye wajenge mtambo wa hidrojeni wa megawati 100. Bidhaa itasafirishwa nje ikiwa amonia, yaani hidrojeni iliyounganishwa na nitrojeni. Wanasema fedha si tatizo: Ulaya na Benki ya Dunia wametenga mabilioni kwa ajili ya hidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme wa jua au upepo, na kinachosubiriwa ni nchi zenye jua. Wenzangu wengine wanaogopa madeni, wengine wanasema maji yataisha. Mimi naogopa kusaini, na naogopa pia kutosaini tukaja kupitwa. Je, hizo fedha zipo kweli? Zinapatikanaje? Serikali ianzie wapi?"

JIBU: Hofu zote mbili zina msingi, ya kusaini na ya kupitwa. Tuanze na fedha, kwa sababu ukishaelewa zinavyotoka, mambo ya madeni na ardhi yatajieleza yenyewe.

Fedha zipo, ila hazijawekwa mahali zikingoja nchi yenye jua. Ruzuku nyingi za hidrojeni hulipwa baada ya bidhaa kuzalishwa na kuhakikiwa, kilo kwa kilo. Benki ya Hidrojeni ya Ulaya huwachanganya wengi kwa jina lake. Haikopeshi mtu, ni mnada. Katika mnada wake wa kwanza, uliotangazwa matokeo Aprili 2024, miradi 7 ilipata jumla ya karibu euro milioni 720. Washindi waliomba nyongeza ya kati ya euro 0.37 na 0.48 kwa kilo, kwa miaka 10, na wote walikuwa huko huko Ulaya. Nyongeza ya namna hiyo huziba pengo dogo la bei. Haijengi mtambo. Fedha za kujengea bado mwenye mradi hukopa mwenyewe, na mkopeshaji humuuliza maswali yale yale ambayo angemuuliza bila ruzuku.

Na ruzuku ya nchi nyingine hufuata siasa za nchi hiyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwapa wazalishaji wa ndani nafuu ya kodi ya hadi dola 3 kwa kilo. Mwaka 2025 ikafupishwa: sasa mradi lazima uanze kujengwa kabla ya mwaka 2028. Waliopanga hesabu zao kwa muda mrefu zaidi ya hapo wamelazimika kuzifumua.

Kwa nchi zilizo nje ya Ulaya, utaratibu wa kuufahamu vizuri ni H2Global wa Ujerumani. Kampuni yake ya kati, Hintco, hununua kwa mkataba mrefu kutoka kwa mzalishaji aliyeshinda mnada kwa bei ya chini, kisha huuza kwa mikataba mifupi kwa mnunuzi aliyepanda juu zaidi. Bei ya kununulia huzidi ya kuuzia, na pengo hilo hulipwa na serikali. Mnada wake wa kwanza wa amonia ulipata mshindi mwaka 2024: Fertiglobe, kwa uzalishaji wa Misri. Bei ilikuwa euro 811 kwa tani kabla ya gharama za kuifikisha, na euro 1,000 kwa tani ikishafika Ulaya. Ziandike namba hizo pembeni. Kampuni ikikuletea hesabu zake, uliza amonia yao itatoka kwa bei gani ikilinganishwa na hiyo, na kwa nini.

Benki ya Dunia nayo ina namna yake. Mwaka 2023 iliidhinisha dola milioni 150 kwa Chile kwa ajili ya hidrojeni ya kijani. Huo ni mkopo, na Chile itaurejesha. Benki ya Dunia hukopesha serikali. Tawi lake la IFC hukopesha kampuni, kwa masharti yanayokaribia ya soko. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao hutajwa katika karibu kila wasilisho la namna hii, haupokei maombi ya kampuni moja kwa moja. Ombi hupitia taasisi iliyoidhinishwa na mfuko, tena likiwa na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka mamlaka iliyoteuliwa na nchi yako. Hilo unaweza kulihakiki kesho asubuhi: pita kwenye mamlaka hiyo uulize kama kampuni hii imewahi kufika. Kama haijafika, basi fedha za mfuko huo zimo kwenye slaidi tu.

Sasa tufike penye kiini. Kinachokwamisha miradi hii mara nyingi si uhaba wa fedha duniani. Ni kukosekana kwa mnunuzi aliyetia saini. Mwaka 2024 shirika la nishati la kimataifa, IEA, lilihesabu kuwa miradi iliyotangazwa ingeweza kutoa tani milioni 49 za hidrojeni yenye hewa ukaa kidogo ifikapo 2030. Iliyokuwa imefikia uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani wenye mradi kukubali kutoa fedha na kujenga, ilikuwa takriban asilimia 7 tu. Mwaka uliofuata, jumla ya iliyotangazwa ilishuka hadi tani milioni 37. Wakati huo huo dunia ilitumia tani milioni 97 za hidrojeni mwaka 2023, karibu zote zikiwa zimetengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Matumizi yapo kwa wingi. Wachache ndio walio tayari kulipia ile safi kwa miaka 15 mfululizo.

Mkopeshaji wa mradi hukopesha dhidi ya mapato yajayo. Bila mkataba wa ununuzi hana cha kushika. Tazama mradi wa NEOM nchini Saudi Arabia, uliokamilisha ufadhili wake mwaka 2023: uwekezaji wa dola bilioni 8.4, na wakopeshaji 23 wakatoa dola bilioni 6.1 bila kudai mali nyingine za wenye mradi endapo utashindwa. Walipata wapi ujasiri huo? Amonia yote ilikuwa imeshanunuliwa kwa mkataba wa miaka 30, na mnunuzi, Air Products, ni mwanahisa mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kampuni yenu ni nani ananunua, kiasi gani, kwa miaka mingapi, kwa bei iliyofungwa kwa kanuni gani. Suala la nani anawafadhili lifuate baada ya hapo.

Je, ushirikiano wa kimataifa wa kifedha una faida? Unayo, na kubwa, ila mahali pake ni kwenye riba. Tuchukue mtambo wenu wa megawati 100. Tuseme elektrolaiza, mashine inayotenganisha maji kwa umeme ili kupata hidrojeni, pamoja na ufungaji inagharimu dola 2,000 kwa kilowati, yaani dola milioni 200. Tuseme jua na upepo kwa pamoja vinaupa mtambo saa 4,000 za kazi kamili kwa mwaka. Utatumia kilowati-saa milioni 400. Kilo moja ya hidrojeni kwenye mtambo halisi hula takriban kilowati-saa 53, hivyo mtapata kama tani 7,550 kwa mwaka. Sasa rejesha mtaji huo kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 5, marejesho ni dola milioni 16 kwa mwaka, sawa na dola 2.13 kwa kila kilo. Riba ikiwa asilimia 12, marejesho ni dola milioni 26.8, sawa na dola 3.55 kwa kilo. Mashine ni ile ile, na jua ni lile lile. Riba peke yake imeongeza dola 1.42 kwa kilo, na hapo bado hatujagusa mashamba ya jua na upepo, ambayo gharama yake karibu yote ni mtaji. Hidrojeni ya gesi asilia, yenye kutoa kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi kwa kila kilo, mara nyingi hugharimu dola 1 hadi 3. Utaona kwa nini ile kauli ya "jua letu ni bure" haimshawishi mkopeshaji.

Tumia hesabu hiyo hiyo kupima saa za kazi. Mtambo wa jua pekee hupata saa kama 2,000, na hapo gharama ya mashine kwa kilo huongezeka maradufu. Kuna tatizo jingine la kiufundi. Elektrolaiza ya alkali haipendi kuendeshwa kwa umeme kidogo sana. Mzigo ukishuka, oksijeni inayozalishwa ni chache, lakini hidrojeni huendelea kupenya kiwambo kuelekea upande wa oksijeni. Ikifikia takriban asilimia 2, mtambo hujizima wenyewe kwa usalama, kwa kuwa mchanganyiko huanza kuweza kuwaka karibu na asilimia 4. Mawingu yakipita mara kwa mara, mtambo huzimika na kuwaka, na seli huchakaa mapema. Ndiyo maana mkopeshaji hudai dhamana ya mtengenezaji kuhusu uchakavu, na ndiyo maana upepo wa usiku una thamani kubwa kuliko hekta za ziada za paneli.

Kwenye riba ndipo mikopo nafuu, mtaji wa mashirika ya maendeleo na dhamana hufanya kazi yake. Dhamana za MIGA, tawi la Benki ya Dunia la bima ya uwekezaji, kwa mfano, humkinga mwekezaji dhidi ya serikali kutaifisha mali, kuzuia fedha zisitoke nchini, vita, na kuvunjwa kwa mkataba. Hazimkingi dhidi ya mnunuzi kukosekana au bei kuanguka. Hatari ya kisiasa ikipungua, riba hushuka. Hatari ya soko hubaki pale pale hadi mnunuzi asaini. Wanaochanganya hatari hizi mbili huomba dhamana ya serikali kufunika kitu ambacho serikali haina uwezo nacho.

Kuhusu sera, jambo linalopuuzwa na baadaye kuumiza ni cheti, hati inayothibitisha kuwa hidrojeni ni safi. Wengi hudhani mtambo hujengwa kwanza, cheti kikafuata. Ni kinyume chake, kwa sababu masharti ya cheti huamua namna ya kuujenga. Ulaya ina kanuni ya mwaka 2023 kuhusu hidrojeni ya umeme jadidifu, nayo inamhusu pia mzalishaji aliye nje anayetaka bidhaa yake ihesabiwe huko. Hewa ukaa iwe chini kwa asilimia 70 kuliko ya mafuta ya kisukuku, sawa na takriban kilo 3.38 za kaboni dioksidi kwa kilo ya hidrojeni, usafiri ukiwemo. Shamba la umeme lisiwe limetangulia elektrolaiza kwa zaidi ya miezi 36. Hadi mwisho wa 2029 uzalishaji wa umeme na wa hidrojeni hulinganishwa kwa mwezi. Kuanzia 2030 ni saa kwa saa. Hilo la saa kwa saa hubadilisha ukubwa wa betri na wa matangi. Na lipo moja la kulishika kwa mikono miwili: umeme ukipita kwenye gridi kwa mkataba, shamba lililopokea ruzuku ya umma kwa ujenzi au uendeshaji laweza kukosa sifa, isipokuwa katika hali chache zilizoainishwa au kwa mitambo itakayoanza kazi kabla ya 2028, ambayo ina msamaha hadi 2038. Serikali inaweza kusaidia mradi kwa nia njema na kumbe imeutoa sokoni. Kwa upande mwingine, kama gridi yenu ilipita asilimia 90 ya umeme jadidifu kwa wastani wa mwaka uliotangulia, mna njia nyepesi ya kutumia umeme wa gridi, ndani ya ukomo wa saa za kazi kwa mwaka. Nchi zenye maji na jotoardhi nyingi zikague hilo mapema.

Wanunuzi wengine wana vizingiti vyao. Japani imeweka kilo 3.4 za kaboni dioksidi kwa kilo ya hidrojeni, Korea Kusini 4, Uingereza takriban 2.4, India 2. Mipaka ya kuhesabu haifanani: wengine huishia mlangoni mwa kiwanda, Ulaya huendelea hadi bidhaa inapotumika. Kilo ile ile ya hidrojeni yaweza kuitwa safi bandari moja na ikakataliwa nyingine. Hapa ushirikiano umepiga hatua. Mwaka 2023 ilitoka ISO/TS 19870, hati ya pamoja ya namna ya kuhesabu, na katika mkutano wa tabianchi wa COP28 Dubai zaidi ya nchi 30 ziliafiki kutambuliana mifumo ya vyeti. Vizingiti vyenyewe havikuunganishwa, lakini mhandisi wenu akifuata njia hiyo ya kuhesabu tangu mwanzo, takwimu zake zitageuzwa kirahisi kwa soko lolote. Tangu Januari 2026 pia ushuru wa kaboni wa Ulaya mpakani unahesabiwa kwa mbolea, chuma na hidrojeni yenyewe, na huo huanza kumpa mnunuzi sababu ya kulipia bidhaa safi hata pasipo ruzuku.

Niseme maoni yangu waziwazi kuhusu matumizi. Kilo ya hidrojeni ina nishati ya kilowati-saa 33, na mmeingiza 53. Ukiigeuza amonia unapoteza tena, na ukiivunja amonia irudi hidrojeni unapoteza zaidi. Kwa hiyo amonia ni bora itumike ikiwa amonia: mbolea, malighafi ya viwandani, pengine mafuta ya meli. Tani zenu 7,550 zingetoa kama tani 42,000 za amonia kwa mwaka. Ikiwa nchi yenu huagiza mbolea kutoka nje, mnunuzi wa sehemu ya mzigo huo yuko nyumbani, ingawa analipa kwa fedha za ndani, na mkopeshaji wa dola ataliona hilo kama hatari. Mgawo wa sehemu ndogo kwa soko la ndani, kubwa kwa nje, mara nyingi hukubalika. Na ikiwa watu wenu wengi bado hawana umeme, fedha zozote za masharti nafuu ziende kwanza kwenye gridi. Mradi wa hidrojeni ulipiwe na anayeitaka.

Madeni huingia kupitia milango mitatu. Wa kwanza ni hisa za serikali zinazolipiwa kwa mkopo: mradi ukichelewa miaka minne, gawio linachelewa lakini marejesho hayangoji. Wa pili ni dhamana ya serikali kwa mkopo wa kampuni, ambayo haionekani kwenye bajeti hadi siku itakapodaiwa. Wa tatu ni bandari, barabara na laini ya umeme vinavyojengwa na serikali kwa ajili ya mteja mmoja. Mrabaha kwa kila tani na kodi ya ardhi inayopanda kila mwaka havivutii kama hisa, ila havihitaji mkopo. Mkitaka hisa, ombeni haki ya kununua baadaye, mtambo ukishaanza kuuza.

Maji ni hofu inayotulizwa kwa hesabu. Kilo moja ya hidrojeni inahitaji lita 9 za maji kikemia. Pamoja na usafishaji na upoozaji, weka lita 25. Kwa mtambo wenu ni kama meta za ujazo 520 kwa siku. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hula kilowati-saa 3 hadi 4 kwa meta ya ujazo, kiasi kisichofika hata asilimia 0.2 ya umeme wa elektrolaiza. Pwani, basi, maji hayatawamaliza, mradi wasiguse visima vya wakazi. Dai kwenye mkataba kuwa mtambo wa kuondoa chumvi ujengwe mkubwa kuliko hitaji lao, ziada iende mjini. Kwao gharama ni ndogo. Kinachostahili uangalizi ni maji yenye chumvi kali yanayorudishwa baharini, hasa kwenye ghuba tulivu yenye mazalia ya samaki.

Turudi kwenye hati uliyonayo. Miaka 5 ya upekee, bila kampuni nyingine kuruhusiwa, ni mirefu mno kwa kampuni isiyo na mnunuzi. Kipimo cha upepo kinachokubalika kwa wakopeshaji huanzia miezi 12. Toeni miezi 18 au 24, na kila hatua iwe na tarehe: mnara wa kupimia umesimama, upembuzi yakinifu umekamilika, barua ya mnunuzi imewasilishwa. Hatua ikipita bila kutimizwa, upekee ufe wenyewe, pasipo haja ya serikali kushtaki. Takwimu za jua na upepo ziwe mali ya nchi mkataba ukivunjika. Bila kifungu hicho, kampuni ijayo itaanza sifuri. Hekta zitengwe kwa upimaji tu. Haki ya kukalia ardhi ije na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, na wananchi wenye maeneo yao wasihamishwe kabla ya hapo.

Zipo sehemu ambazo ushauri wa kuandikiwa hivi hautoshi. Ukiona kifungu kinachoiahidi kampuni kuwa sheria za kodi hazitabadilika, dhamana yoyote ya serikali, au usuluhishi wa migogoro nje ya nchi, usiendelee peke yako. Mkae ana kwa ana na ofisi ya mwanasheria mkuu, kitengo cha madeni cha hazina, na wakili aliyewahi kufunga ufadhili wa mradi wa nishati. Nchi za Afrika zaweza kuomba msaada wa wakili wa namna hiyo kwa chombo cha msaada wa kisheria kilicho chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Kwa sasa ijibu kampuni kwa barua fupi yenye maombi matatu: barua ya nia ya mnunuzi yenye kiasi na kanuni ya bei, jedwali la hesabu za mradi lenye fomula zake, si picha ya PDF, ili mjaribu wenyewe riba ya asilimia 5, 8 na 12, na makadirio ya umeme saa kwa saa kwa mwaka mzima. Wape wiki sita. Wakileta vyote, mna mazungumzo ya kweli. Wakileta jedwali na makadirio bila mnunuzi, wapeni hekta za kusimamisha minara na miezi 12, na mlango wa kampuni nyingine ubaki wazi.